Hedi ya 404

Boliti ya shokapu ilikatika Jumamosi moja saa tano asubuhi, nikiwa nimelala chali chini ya gari uani kwa bibi, Tandika. Haikulia sana. Spana ililegea ghafla mkononi, nikadhani nati imekubali, nikafurahi kwa kama sekunde mbili. Kisha kichwa cha boliti kikanidondokea kifuani, kipande cha nusu kidole, chekundu kwa kutu.

Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Hakuuliza kilichotokea. Alisema tu, "Babu yako naye alianza hivyo hivyo."

Katika familia yetu lipo gari ambalo sikuwahi kuliona likitembea. Ni Peugeot 404, rangi ya maziwa, iliyokaa chini ya mwembe wa uani tangu mwaka 1981 mpaka ilipouzwa kama chuma chakavu kabla sijazaliwa. Mama na wadogo zake waliicheza udereva. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Kilichobaki ni hedi ya injini, ambayo hadi leo kazi yake ni kuegemezewa geti usiku ili lisifunguke kwa upepo. Kuhusu namna gari hilo lilivyokufa zipo simulizi mbili. Bibi anasema babu aliliua kwa kiburi chake. Mjomba anasema babu hana kosa, nchi ilikuwa haina spea. Nilikua nikiamini ya mjomba, kwa sababu ndiyo inayofanana na vitabu. Siku ile, nikiwa na kipande cha boliti mkononi, nilianza kuwa na mashaka.

Niseme kwanza kwa nini karani alitaka 404. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, mkazi wa Tanzania aitwaye Bert Shankland alishinda mbio za East African Safari akiendesha gari la aina hiyo, na 404 ilikuwa imeshinda kabla yake mwaka 1963 ikashinda tena mwaka 1968. Kwa watu wa rika la babu hilo halikuwa tangazo la biashara. Walikuwa wamesikia redioni gari hilo likitoka kwenye matope ambamo mengine yalibaki. Babu alilinunua mwaka 1972 kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa anahamia Kanada, mwaka mmoja baada ya serikali kutaifisha majumba ya kupangisha. Wengi walikuwa wanaondoka mjini wakati huo, na magari yao yalipatikana kwa bei ambayo mtumishi wa serikali aliweza kuimudu kwa kujibana. Pamoja na gari alipewa boksi la spana, na kwenye boksi hilo lilikuwemo tatizo ambalo hakuligundua mapema.

Spana zilikuwa za inchi. Vipimo vya nyuzi za Waingereza vina historia ndefu, tangu Joseph Whitworth alipopendekeza mwaka 1841 kwamba karakana zote zifuate uzi mmoja badala ya kila fundi kukata wake, na vililetwa Tanganyika pamoja na Bedford na Land Rover. Lakini 404 ni Mfaransa, na nati zake ni za milimita. Spana ya inchi 9/16 ina upana wa milimita 14.3 hivi. Ukiivisha nati ya 14 inaingia vizuri, inacheza kidogo tu, na kwa nati iliyolainika huoni tofauti. Kwa nati iliyoshika kutu, ule mchezo mdogo ndio unaokula pembe. Ukivuta mara tatu, nati imekuwa duara, na baada ya hapo hata spana sahihi haikusaidii. Nimeliangalia boksi hilo. Bado lipo chini ya kitanda cha bibi, na spana ya 9/16 ndiyo iliyochakaa kuliko zote.

Sasa kuhusu spea. Mjomba hatii chumvi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, vita vikaanza, na malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kwenda mbele. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikaruka kwa mara ya pili ndani ya miaka sita. Kuagiza kitu nje kulihitaji leseni, na nyuma ya leseni kibali cha fedha za kigeni, na fedha zenyewe zilikuwa zinagombaniwa na mafuta, chakula na dawa. Gasketi ya gari la karani wa Tandika ilikuwa nyuma kabisa kwenye foleni hiyo. Hata UDA, shirika la umma lililoundwa mwaka 1974 kubeba abiria wa jiji, lilikuwa na mabasi yaliyolala kwa kukosa vipuri, na watu wakitembea kwa miguu kutoka Mbagala na Manzese kwenda kazini. Ni hali hiyo iliyoilazimisha serikali mwaka 1983 kuzihalalisha daladala ambazo ilikuwa inazikamata.

Gasketi ya hedi ya babu iliungua mwanzoni mwa mwaka 1981. Najua kwa sababu aliandika. Alikuwa karani, aliandika kila kitu, na kwenye daftari la shule lenye mistari ameorodhesha safari zake za kutafuta gasketi mpya. Kwa wakala: hakuna. Gerezani: njoo wiki ijayo. Gerezani: njoo wiki ijayo. Kariakoo: ipo, bei ya kulanguliwa. Hakununua. Bibi anadai bei hiyo ilikuwa karibu mshahara wa miezi miwili, na kwamba babu alisema mtumishi wa umma hawezi kumtajirisha mlanguzi. Huenda alisema. Inawezekana pia hakuwa na hela.

Halafu ipo Jumapili. Katika miaka hiyo, ili kubana matumizi ya petroli, magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani mchana wa Jumapili. Wengi wanaokumbuka marufuku hiyo wanakumbuka ukimya wa barabara. Mimi naiona kwa jicho jingine: serikali iliwapa wenye magari wa Dar es Salaam nusu siku kila wiki ya kukaa nyumbani na gari lililosimama. Mtu aliyevaa shati jeupe siku sita angefanya nini na gari lake kuanzia mchana wa Jumapili? Angefungua bonet. Babu aliamua kuifungua hedi mwenyewe, aone kama gasketi ya zamani inaweza kurudishiwa.

Injini ya 404 ina umbile ambalo lingefaa liandikwe juu ya bonet kwa rangi nyekundu. Hedi yake ni ya alumini, bloku ni ya chuma. Silinda hazikuchimbwa ndani ya chuma hicho moja kwa moja. Ni silivu nne zilizochomekwa kama glasi ndani ya sanduku, na maji ya kupozea injini yanazizunguka. Chini ya kila silivu ipo sili nyembamba inayozuia maji yasishuke kwenye oili. Kinachozikandamiza silivu zikae mahali pake ni hedi yenyewe. Miaka ikipita, gasketi inashikana na hedi kwa juu na silivu kwa chini, na ukiivuta hedi kwenda juu inaweza kuja nazo. Silivu ikinyanyuka kidogo tu, sili imekwisha kazi. Kwa hiyo hedi ya namna hii haivutwi juu kwanza. Unachomeka nondo mbili kwenye matundu ya boliti, unaitikisa kwa pembeni, kushoto na kulia, mpaka uisikie imeachia. Ndipo unainyanyua, na papo hapo unazibana silivu kwa washa na boliti zisicheze.

Babu hakujua hilo. Alifungua boliti zote, mbili zikampa taabu lakini zikatoka. Hedi ikakataa. Akaipiga kwa nyundo na kipande cha mbao. Ikakataa. Akachomeka mtarimbo kati ya hedi na bloku, akakaza, na alumini, ambayo ni laini mbele ya chuma, ikaumwa. Alama ipo, ndefu kama kidole gumba, pale ambapo hedi inapaswa kuwa bapa kama kioo. Jumapili iliyofuata alifunga mnyororo kwenye tawi la mwembe, akawaita vijana wawili wa jirani, wakavuta. Ikatoka. Mama alikuwa na miaka saba na anakumbuka watu wakishangilia. Anakumbuka pia kwamba babu alichungulia ndani ya injini, akanyamaza, kisha akaenda kunawa mikono.

Silivu mbili zilikuwa zimenyanyuka.

Hapo ndipo simulizi ya mjomba inapotosha kidogo. Sasa babu hakuhitaji gasketi tu, alihitaji sili na hedi ya kuchongwa upya, na vyote hivyo havikuwepo, sawa. Lakini kabla ya ule mnyororo alihitaji kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye leseni yoyote ya kuagiza. Alihitaji kuambiwa "itikise".

Na mtu wa kumwambia alikuwepo. Ng'ambo ya barabara, chini ya mkungu, palikuwa na gereji bubu. (Sijawahi kuelewa kwa nini inaitwa bubu. Haina kibao wala leseni, ndiyo, lakini hakuna mahali penye kelele zaidi mtaani.) Mmoja wa vijana wa pale mwaka 1981 ni mzee wa miaka sabini na kitu sasa, anaishi Mtoni, na bado anakuja kwa bibi kunywa chai. Jumamosi ile ya boliti yangu bibi alimtumia mtoto kumwita. Alifika na mfuko wa rambo wenye spana nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mjukuu wangu." Aliinama akatazama chini ya gari kwa muda mrefu. "Ulikuwa unaifungua au unapigana nayo?"

Nikamweleza ukweli. Nilikuwa nimeimwagia dizeli na kusubiri nusu saa, kwa sababu video niliyoitazama ilikuwa ya dakika sita. Nilipoona haiendi nilivisha kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili niongeze nguvu, nikasukuma kwa mguu. Akacheka. Dizeli inalala nayo usiku kucha, alisema, na asubuhi unagonga kichwa cha boliti taratibu, kugonga hasa, huku unaongea na watu, ili kutu ipasuke na dizeli ipate njia. Halafu kwanza unakaza. Kidogo tu. Nati inayokataa kufunguka mara nyingi inakubali kukaza, na ikishasogea upande wowote imekwisha. Kuna malori ya zamani ya Kiingereza, akaendelea, ambayo nati za magurudumu ya kushoto zina uzi wa kushoto. Aliwahi kumwona kijana mwenye nguvu kama trekta akizikaza asubuhi nzima akidhani anazifungua.

Nilimuuliza kuhusu 404. Alijua. Mtaa mzima ulijua. Wao wenyewe walikuwa wamefungua hedi za 404 na 504 pale chini ya mkungu, na gasketi zilipokosekana walizisafisha za zamani, wakazipaka rangi ya silva, wakazirudishia. Zilidumu? Nyingine miezi mitatu, nyingine mwaka. Waliposikia kishindo cha nyundo siku ile walitazamana. Fundi wao mkuu alisema, mwacheni, hajatuita.

"Kwa nini hamkwenda tu kumwambia?"

"Tumwambie nani? Babu yako alikuwa bwana mkubwa. Anapita hapa na tai, anatusalimia vizuri, lakini gari lake alipeleka mjini."

Jibu hilo limenikaa. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anawachukua mafundi wa Tanzania kama watu wenye elimu yao, iliyojengwa kwenye gereji za mitaani kwa miaka mingi, na si kama wababaishaji wanaosubiri maendeleo yawafikie. Kukubali hoja hiyo kwenye kitabu ni rahisi. Babu alikuwa mita hamsini kutoka kwenye elimu hiyo, alikuwa anaisikia ikigonga vyuma kila siku, na kwake ilikuwa kelele. Alikuwa amesoma hadi darasa la kumi. Wao walianza kazi kwa kushika tochi na kupokezana spana. Mwaka 1983 serikali nayo ilionyesha ilivyowaona watu wa namna hiyo: Sheria ya Nguvukazi ilitaka kila mtu athibitishe ana kazi inayotambulika, na mzee anasema kwa miezi kadhaa walikuwa wakifunga vifaa kila waliposikia gari la mgambo. Fundi aliyeshika bloku ya injini mikononi alipaswa kueleza kwamba hazururi.

Simlaumu babu peke yake, maana ugonjwa huu una umri. Gari la kwanza kuvuka Afrika kutoka pwani hadi pwani lilianzia hapa hapa Dar es Salaam. Luteni mmoja Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka tarehe 10 Agosti 1907 na gari lililoundwa Gaggenau, akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Siku 630. Sehemu kubwa ya siku hizo gari lilikuwa limekwama, limeharibika, au linangoja vipuri kutoka Ulaya. Karibu kila anayesimulia safari hiyo anamtaja Graetz. Wale waliolivuta kwa kamba kwenye mchanga na mito, waliokata miti ya kuweka chini ya magurudumu, wanaitwa kwa jumla tu "wenyeji", kama vile walikuwa sehemu ya barabara. Tangu mwanzo kabisa hapa kwetu gari limekuwa na mwenye jina na watu wa kulikwamua.

Mwaka 1984 bajeti ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Pikapu za Kijapani zikajaa mjini, spea zikarudi madukani. Kwenye daftari la babu hakuna kitu kuhusu mwaka huo. Nimetafuta. Gasketi ingepatikana, sili zingepatikana, fundi kerezo wa kuisawazisha hedi angepatikana Gerezani kwa siku moja. Kurasa za mbele ni hesabu za ada za shule na bati za chumba cha uani. Bibi anasema mzee wa Mtoni, ambaye wakati huo alishakuwa na gereji yake, alikuja mara mbili kumwambia babu kwamba gari linaamka. Babu akamkaribisha chai. Hakumpa ufunguo.

Kwa hiyo nchi ilikuwa haina spea, na babu alikuwa na kiburi, na nikilazimika kuchagua nitasema spea ziliisimamisha 404 kwa miaka mitatu na aibu ikaisimamisha kwa iliyobaki. Mjomba hatapenda. Ataniuliza mimi ni nani wa kumhukumu mtu aliyesomesha watoto sita. Ni swali la haki.

Boliti yangu ilitoka saa kumi jioni. Mzee alimwita kijana wa kuchomelea, akafunika bomba la petroli kwa gunia lililolowa, akaweka ndoo ya maji karibu. Kijana akavisha nati juu ya kile kisiki kilichobaki, akaichomelea kwa ndani hadi vikawa kitu kimoja. Moto ule ulifanya kazi mbili, alieleza mzee: ulishika nati, na ulipasha kisiki hadi kutu ikaachia. Walingoja wekundu uishe. Kisha akanipa spana mimi. Nilitaka kuvuta, akanishika mkono. Robo mbele, nusu ya robo nyuma. Robo mbele. Ilikuwa inalia kama mlango wa makaburini, na ilichukua karibu dakika ishirini, na ikatoka nzima, na uzi wa ndani haukufa. Kutu yake ilikuwa imeanza mbali. Gari lile lilitembea miaka kumi na mbili Japani, ambako barabara za theluji humwagiwa chumvi, kabla ya kuja kumalizia na chumvi ya hewa yetu.

Wakati tunakusanya vifaa alipita kijana wa vyuma chakavu na toroli lake. Aliiona hedi pale getini, akaipiga teke kidogo kupima uzito. Alumini nzuri, alisema, hii inasubiwa sufuria tatu. Akataja bei. Bibi akaniangalia, akamwangalia mzee.

Mzee aliichukua hedi akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ile alama ya mtarimbo. "Hii inachongeka," alisema. "Milimita moja tu."

Bibi akamwambia kijana aje wiki ijayo.